Tujifunze Kuchora: Kifaru cha Vita

Katika majuma yaliyopita tulichora pamoja mtungi, kiti na nyumba ya matofali. Juma hili tunawaletea kazi iliyo ngumu kidogo kuliko hizo, tena ndiyo ipendwayo sana na wavulana wa shule: kuchora kifaru cha vita, kile cha chuma, hata kifanane na cha kweli.

Tazameni kwanza namna kinavyochorwa kwa kawaida katika pembe za madaftari. Kuna sanduku, juu yake sanduku dogo, mbele mzinga mrefu kama mlingoti wa bendera, chini magurudumu manne, na mdomoni moto unawaka. Picha hiyo inafanana zaidi na sufuria yenye mpini kuliko na kifaru. Sababu si ubaya wa mkono. Mkono wa mtoto wa miaka kumi na miwili waweza kupiga mistari yote tutakayoitaja leo. Sababu ni kwamba mchoraji hajajiuliza maswali mawili: kila kipande kina kazi gani? Na mimi nimesimama wapi ninapokitazama kitu hiki? Mkiyajibu maswali hayo mawili, mtachora kifaru cha kweli. Msipoyajibu, mtachora kitu cha kuchezea, hata mkikipaka kivuli kizuri namna gani.

Tunajua kwamba wazazi wengine watakunja uso na kuuliza: je, yafaa watoto wetu wachore chombo cha kuulia watu? Swali hilo ni la haki. Tutalijibu mwishoni, baada ya kazi.

JINA LAKE NA ASILI YAKE

Waingereza ndio waliopeleka vifaru vitani mara ya kwanza, tarehe 15 Septemba 1916, katika nchi ya Ufaransa, karibu na mto Somme. Walipokuwa wakivitengeneza walificha siri kwa kusema kwamba ni matangi ya kuwekea maji, na jina hilo la tangi likavishika katika lugha nyingi za Ulaya. Kiswahili kilichagua jina lililo bora: kifaru. Mnyama yule ana ngozi nene, pembe mbele, mwili mzito, naye akianza kwenda mbele hakikwepi kichaka.

Siku nne baada ya siku ile ya Somme, tarehe 19 Septemba 1916, askari wa Kongo waliingia mji wa Tabora. Katika vita vya upande wetu hapakuwa na vifaru. Mizigo ilichukuliwa vichwani na mabegani mwa wapagazi, maelfu kwa maelfu, na wengi wao hawakurudi kwao. Twataja jambo hili ili mkumbuke kwamba vita, iwe ya chuma au ya miguu, huchukuliwa na miili ya watu. Tutalirudia neno hilo tutakapofika kwenye mifuniko ya kifaru.

Kabla ya Waingereza, yupo mchoraji mashuhuri aliyekwisha kuchora gari la vita lenye kufunikwa. Ndiye Leonardo da Vinci, Mwitalia, katika miaka ya 1480. Gari lake lina umbo la kobe, limezungukwa na mizinga, na watu walio ndani wangelisukuma kwa kuzungusha vyuma kwa mikono. Mchoro ni mzuri ajabu, hata leo umehifadhiwa London. Lakini waliouchunguza waliona kwamba, kwa jinsi meno ya vyuma yalivyopangwa, magurudumu ya mbele yangezunguka upande mmoja na ya nyuma upande mwingine, na gari lisingeondoka mahali pake. Basi ikiwa hata mchoro wa Leonardo huulizwa, “Je, kitu hiki kingeweza kwenda?”, mchoro wetu pia na uulizwe hivyo hivyo.

KIFARU TUTAKACHOCHORA

Tumechagua kifaru cha Kimarekani kiitwacho Sherman, chenye mzinga wa milimeta 75. Viliundwa zaidi ya 49,000 katika miaka ya vita ya 1942 hata 1945, kwa hiyo picha zake ni nyingi. Kimoja kimesimama mpaka leo katika uwanja wa mji wa Bastogne, nchi ya Ubelgiji, kikiwa ukumbusho wa mapigano makali ya Desemba 1944. Mwenye ndugu huko na amwombe picha zilizopigwa kutoka mbele, kutoka ubavuni na kutoka nyuma. Picha tatu za kitu kile kile ni mwalimu mwema kuliko picha mia za vitu mbalimbali.

Vyombo: karatasi isiyo na mistari, kalamu mbili za risasi, moja ngumu na moja laini, mpira wa kufutia, na rula. Asiye na mpira na apige mistari ya kwanza kwa wepesi sana, kama unyayo wa kuku mavumbini.

Vipimo: kifaru hiki kina urefu wa meta 5.9 hivi, upana wa meta 2.6, na kimo cha meta 2.7. Sisi tutafanya kila meta moja iwe sentimeta 3 katika karatasi. Basi urefu utakuwa kama sentimeta 18, na kimo sentimeta 8 na kidogo. Mkiandika hesabu hizi pembeni mwa karatasi, hamtapotea.

HATUA ZA KUCHORA KUTOKA UBAVUNI

1. Pigeni mstari wa chini, ndiyo ardhi. Juu yake chorani sanduku jepesi la sentimeta 18 kwa 8. Ligawanyeni kwa mstari wa kulala: theluthi mbili za chini ni za minyororo na kiwiliwili, theluthi moja ya juu ni ya kichwa. Pua ya kifaru na iwe upande wa kushoto.

2. Magurudumu. Kila ubavu una magurudumu sita yanayokanyaga mnyororo, lakini msiyapange kama shanga zilizo sawasawa. Yamefungwa mawili mawili, na kila jozi imeshika mguu mmoja wenye springi katikati. Basi chorani jozi tatu. Gurudumu moja lina upana wa nusu meta, yaani sentimeta 1 na nusu katika karatasi. Toka gurudumu la kwanza hata la sita, sehemu inayogusa ardhi ni kama sentimeta 11.

3. Magurudumu ya mwisho. Mbele kabisa, juu kuliko yale sita, liko gurudumu la meno. Hilo ndilo linalovuta mnyororo, kama vile mnyororo wa baiskeli uvutwavyo na meno. Nyuma kabisa liko gurudumu lisilovuta, kazi yake ni kuukaza mnyororo. Yote mawili yameinuliwa juu ya ardhi ili kifaru kipate kupanda ukingo. Anayeyaweka chini sawa na mengine amechora kifaru kisichoweza kuvuka hata mfereji.

4. Mnyororo. Hapa ndipo watu wengi huharibu. Chini mnyororo umenyooka, kwa maana umebanwa na uzito wa tani 30. Mbele na nyuma unapanda kwa mshazari. Juu unapita penye vigurudumu vidogo vitatu, na kati yao unalegea kidogo kama kamba ya kuanikia nguo. Chorani ulegevu huo, nao utaonyesha uzito bila neno lolote. Kila ubavu una vipande 79 vya mnyororo, kila kimoja kama nusu sentimeta katika kipimo chetu. Si lazima kuvihesabu vyote. Wekeni alama ndogo zenye nafasi sawa mbele na nyuma, mahali vipande vinapopinda, na mahali pengine acheni macho ya mtazamaji yamalizie.

5. Kiwiliwili. Ubavu wake umesimama wima, lakini bamba la mbele limelala kuelekea nyuma. Msifikiri ni kwa urembo. Bamba lenye unene wa milimeta 63 likilazwa hivyo, risasi ijayo moja kwa moja kutoka mbele yapaswa kupenya zaidi ya milimeta 90 za chuma, tena mara nyingine huteleza ikaenda zake. Ukatapo ndizi kwa mshazari, kipande hutoka kirefu kuliko ukikata wima. Ndiyo habari yenyewe.

6. Kichwa. Kichwa chazunguka juu ya duara la chuma lenye upana wa meta 1.75, yaani sentimeta 5 na robo kwetu. Kiwekeni mbele kidogo ya katikati, kwa sababu nyuma mna mashini kubwa inayoendesha. Pembe zake zimeviringana, kwa maana chuma chake kiliyeyushwa na kumiminwa. Msikichore kama sanduku.

7. Mzinga. Hapa wavulana wote hufanya kosa moja: huutoa nje mno. Katika kifaru hiki, mzinga ukielekea mbele, mdomo wake waishia karibu sawa na pua ya kiwiliwili. Basi usipite sanduku letu jepesi la mwanzo.

MCHORAJI AMESIMAMA WAPI?

Mchoro wa ubavuni umekwisha, nao ni mwema kwa kujifunza viungo. Lakini macho yetu huviona vitu kwa pembe, upande mmoja na mbele kwa pamoja. Wekeni kiberiti mezani, mkitazame penye pembe yake. Mtaona mistari iendayo mbali yakaribiana, kama kingo za barabara zinavyokaribiana huko mbele. Wekeni sanduku la namna hiyo katika karatasi, kisha mpange ndani yake vipande vile vile. Magurudumu hayatakuwa duara kamili tena, yatakuwa membamba kama mdomo wa mtungi unaotazamwa kutoka kando. Mnyororo wa mbele utaonyesha upana wake, ambao ni sentimeta 42, nusu ya upana wa mlango mwembamba.

Sasa shikeni sana neno hili, maana ndilo linalotenga mchoro wa kweli na wa kuchezea. Macho ya mtu mzima aliyesimama yako juu ya ardhi kama meta 1 na sentimeta 60. Paa la kiwiliwili cha Sherman liko karibu meta 1 na sentimeta 90. Kwa hiyo mtu aliyesimama karibu nacho halioni paa lake kabisa. Wala haioni mifuniko, wala duara linalobeba kichwa. Anaona ukuta wa chuma, na juu ya ukuta kichwa kinachomwinamia.

Kwa nini basi karibu watoto wote huchora kifaru chenye paa linaloonekana? Kwa sababu wamekiona mezani, kidogo kama kiatu, nao wakiwa juu yake. Mtu anayekitazama kifaru kutoka juu hawezi kukanyagwa nacho.

Basi, kabla ya kupiga mstari wa kwanza, wekeni katika karatasi mstari wa macho. Kwa mtu mzima, uwe sentimeta 5 kasoro kidogo juu ya ardhi. Kwa mtoto ambaye macho yake yako meta 1 na sentimeta 20, uwe sentimeta 3 na nusu tu. Mistari yote ya kifaru iliyo juu ya mstari huo itateremka iendapo mbali. Mistari iliyo chini yake itapanda. Jaribuni mchoro ule ule mara mbili, kwanza kwa macho ya mtu mzima, kisha kwa macho ya mtoto. Mtashangaa kuona jinsi kifaru cha pili kilivyokua, ingawa vipimo vyake ni vile vile.

KIVULI NA MATOPE

Chagueni jua litoke wapi, nanyi msilihamishe. Likitoka kushoto juu, bamba la mbele litakuwa jeupe, ubavu utakuwa wa kijivu, na mahali peusi kabisa patakuwa chini, kati ya magurudumu na nyuma yake. Tumieni kalamu laini hapo bila woga. Kifaru kisicho na giza chini yake huonekana kinaelea hewani, nacho ni kizito kuliko tembo watano.

Msipake weusi sawa kila mahali. Chuma kilichokanyagwa hung’aa, kwa hiyo acheni meno ya gurudumu la mbele yawe na weupe kidogo. Matope hukauka juu ya minyororo na kuchuruzika ubavuni, basi chorani michirizi hafifu kutoka juu kwenda chini. Wengine hupenda kuchora kila parafujo. Chache zinatosha, kwa maana picha iliyojaa vijambo vidogo huuficha mwili wake.

Vifaru vya Kimarekani vilipakwa nyota nyeupe yenye ncha tano. Tena askari wengine waliifuta au kuipaka matope, kwa sababu adui aliilenga hiyo hiyo. Hata rangi ina kazi yake, na mara nyingine ina hatari yake.

WATU WALIO NDANI

Hapa tunalirudia lile neno la wapagazi. Kifaru hakiendi chenyewe. Katika Sherman walikaa watu watano: mbele kushoto mwendeshaji, kuliani msaidizi wake mwenye bunduki, na kichwani watatu, yaani mkubwa wao, mpigaji mzinga, na mtiaji risasi. Kila mmoja alikuwa na nafasi ndogo ya kukaa, akizungukwa na risasi kubwa, mafuta, joto na kishindo. Njia ya kutoka ilikuwa mifuniko michache. Kifaru kikipigwa na kushika moto, waliokuwa ndani walikuwa na muda mfupi tu wa kujiokoa.

Kwa hiyo, mkimaliza chuma, fungueni mfuniko mmoja, mkachore mtu anayetokeza kichwa na mabega. Kichwa chake kitakuwa kama sentimeta 0.7 katika kipimo chetu. Mkichore sawasawa, msikikuze. Mara moja kifaru kizima kitapata ukubwa wake wa kweli, kwa maana mtazamaji hupima kila kitu kwa mwili wake mwenyewe. Mchoraji asiyechora mtu anaweza kudanganya vipimo vyote bila kukamatwa.

NENO KWA WAZAZI

Sasa tunawajibu, ninyi baba na mama. Mtoto aliyekulia mahali palipopita vita atachora vita, mpende msipende. Katika vita vya Hispania, miaka ya 1936 hata 1939, watoto waliokimbizwa makwao walichora ndege, mabomu na nyumba zinazoanguka, na michoro yao ilikusanywa na kuchapishwa kitabuni mwaka 1938. Wengi wa wasomaji wetu wa Kivu na Ituri hawana haja ya kwenda Hispania ili kulielewa jambo hili.

Kumnyang’anya mtoto karatasi hakumwondolei alichokiona. Afadhali kukaa karibu naye na kumwuliza kwa upole: “Mwanangu, wewe ulikuwa umesimama wapi? Na huyu ni nani?” Akitaka kunena, atanena. Asipotaka, msimlazimishe.

Na mtoto ambaye hakuona vita, bali anavipenda tu kwa sababu ya sinema, kwake pia somo hili lina faida. Kifaru cha kuchezea hakina mtu ndani, hakina uzito, wala hakuna aliyesimama mbele yake. Mtoto aliyepima bamba, akahesabu watu watano ndani, akaweka macho yake mwenyewe kwa meta 1 na sentimeta 20 mbele ya ukuta ule, hataona tena kwamba ni mchezo. Wahenga walisema, fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi. Sisi tunaomba tu kwamba mchoraji azione nyasi hizo, akazichore chini ya mnyororo, zikiwa zimelala.

KAZI YA JUMA HILI

Chorani Sherman kutoka ubavuni kwa kipimo tulichotoa. Kisha chorani cha pili kwa pembe, mkiweka mstari wa macho yenu wenyewe: pimeni kwa rula au kamba tangu ardhi hata jicho, mkageuze meta moja kuwa sentimeta 3. Wekeni mtu mmoja katika mfuniko, na mtu mwingine amesimama ardhini karibu na mnyororo. Huyo wa pili asiwe askari. Chagueni wenyewe awe nani, naye mchoreni kwa uangalifu ule ule mliochorea mzinga.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutachora daraja la miti juu ya mto. Leteni kalamu zilizochongwa.